Kesi ya Kaka na Jani la Isale

Yule mtu aliuawa uani kwetu siku ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, na waliomuua walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mjini wakisikia mwizi kauawa hudhani ni walevi wa kilabuni. Huku kwetu Uru, juu mlimani, walikuwa watu waliotoka kupokea komunyo. Mwalimu wa kwaya alikuwa na suti yake ya kaki. Mama mmoja wa jumuiya yetu alivua viatu vyake vya kisigino, akavipanga vizuri juu ya ukuta wa bomba visichafuke, ndipo akaokota jiwe.

Nilikuwa kidato cha pili. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa ndio kwanza wameingia. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha msingi, inapimwa, unasubiri malipo mpaka unasahau kama uliuza. Mwizi angeipeleka wapi? Sasa magari yalisimama barabarani na mizani nyuma, mnunuzi ana fedha mfukoni na haulizi gunia limetoka kihamba cha nani, shamba la ukoo gani. Basi watu wakawa wanaibiwa kahawa kwenye vichanja vya kuanikia, wengine wanaibiwa mbichi mtini, na matawi yanavunjwa. Ukisikiliza mazungumzo ya watu wazima wakati ule, hata kwenye kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, ungejua kuna mtu atakufa. Hatukujua tu atafia kwa nani.

Nilikuwa jikoni nachambua maharage niliposikia yowe upande wa mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Mama alikuwa hajarudi kutoka kanisani. Babu, baba yake marehemu baba yangu, alikuwa amekaa barazani. Kaka yangu alikuwa bandani anawakatakatia ng'ombe majani kwa panga.

Wakamleta wanamburuta. Kijana mwembamba, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, shati limepanda hadi kwapani, mgongo umechunika. Uso wake tayari ulikuwa hauna umbo. Waliingia kwetu kwa sababu uani kwetu ni tambarare na pako kando ya njia, hakuna sababu nyingine. Gunia la kahawa lilitupwa juu yake, kisha fimbo zikaanza. Fimbo za mkahawa ni ngumu sana. Zinapiga mtu kwa mlio wa kukauka, na baadaye, mwili ukishalainika, mlio unabadilika. Sikutaka kujua hilo, lakini najua.

Kaka alitoka bandani mbio. "Basi! Basi jamani, ameshalipa!"

"Kaa pembeni wewe," mwalimu wa kwaya akamwambia, anahema. "Au mlikuwa mnagawana?"

Watu wakacheka. Walicheka kabisa, kama watu walio kwenye harusi.

"Mfungueni basi ajikinge hata kichwa! Mnampiga mtu aliyefungwa, nyie wanaume?"

Hakuna aliyemfungua. Kaka akajipenyeza, akapiga goti nyuma ya yule kijana, akakata kamba kwa panga lile lile la majani. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona. Kijana alishtuka alipoguswa na chuma, akavuta mikono, panga likampitia kidogo kifundoni. Mikono ikafunguka. Akaipandisha kichwani kwa namna ya mtoto anayefunikwa na mvua. Jiwe la yule mama likavunja vidole vyake, jingine likaja, na kaka mwenyewe akapigwa bega, akaangukia juu yake. Babu alikuwa anapiga kelele kwa Kichagga kwamba hapa ni kwake, hapa ni kwake, na hakuna aliyemsikia.

Ilipoisha, iliisha ghafla. Watu walitazamana. Kaka alimbeba yule kijana akamlaza kivulini, kwenye migomba. Nilileta maji kwenye kopo. Kinywa hakikuweza kushika maji, yalikuwa yanatoka mekundu, na pumzi yake ilikoroma, kisha ikawa haikoromi.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wengine walinawa kwenye bomba letu kwanza. Mzee mmoja nilimpa sabuni, akanishukuru, "Aika, mwanangu," kama mtu niliyempa maji ya kunywa. Yule mama alichukua viatu vyake. Mwingine akaokota vipande vya kamba, akaingia jikoni, akavitupa kwenye moto wa maharage yangu.

"Kitu kama hicho hakikai uani kwa watu," akasema, tena kwa upole.

Babu alimtuma mtu kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akaita polisi. Walipofika na Land Rover, uani palikuwa na maiti, babu, mimi, mama aliyefika analia, na kaka mwenye damu shati zima. Panga lilikuwa pale pale chini.

Mpelelezi hakuwa mtu wa mlimani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote, na hilo lilitufanya tuwe wadogo mbele yake. Aliuliza, "Nani amemuua?"

"Watu," babu akasema.

"Watu gani?"

"Watu wengi, mwanangu."

"Mimi hapa naona mmoja." Akamwonyesha kaka kwa kidole. Kaka akaanza kueleza kwamba yeye alikata kamba. "Kamba iko wapi?" Kaka akatazama chini, akatazama huku na huku. Mimi nilitaka kusema iko jikoni, imeungua, lakini askari mmoja alikuwa ameshampiga kaka kwa kitako cha bunduki mbavuni, na sauti yangu, ambayo hata darasani waliiita sauti ya mbu, ilibaki kooni. Nikaisema baadaye, wanapanda garini. Nilisema, "Kamba ilichomwa." Mpelelezi akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni mdogo wake. Akafunga mlango.

*

Kituoni walimpiga nyayo. Tulipopeleka chakula kesho yake alitoka anatembea kwa kingo za miguu, kama mtu anayevuka mahali penye miiba. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba hata hakuweza kushika kijiko, mama akamlisha. Askari wa zamu alituchekea, "Mtu mzima analishwa! Alishike panga tuone!"

Kaka alitafuna, akameza, akamwambia mama kwa Kichagga asilie mbele yao. Alisema hajasaini kitu. Hilo ndilo alilokuwa anajivunia, na mimi pia nilijivunia, mpaka babu alipofanya alichofanya.

Lazima nieleze isale. Ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na juu ya makaburi. Kwetu, mtu aliyegombana na mwenzake hata kwa jambo kubwa, akija na jani la isale lililofungwa fundo, huwezi kumfukuza. Unalipokea na mnakaa. Na damu ya mtu ikimwagika kwako, hata kama hukuimwaga, wewe mwenye uwanja ndiye unayekwenda kwa wafiwa, maana ndugu yao alikata roho mikononi mwa nyumba yako. Babu asingekwenda, angeonekana mnyama. Wala hakutushauri, hakukuwa na la kushauriana. Alivaa koti, akakata isale, akachukua mbuzi na jirani mmoja wa kumsindikiza, akavuka mto.

Baba wa yule kijana alimpokea. Babu aliporudi alikuwa mwepesi kidogo. "Ni mtu mwema," akasema. "Amelia, nami nimelia. Ameshika isale kwa mikono miwili."

Siku chache baadaye mpelelezi alikwenda kuandika maelezo kwa wafiwa. Baba wa marehemu, kwa kuisifu nyumba yetu, akamwambia, "Hao ni waungwana. Walikuja hapa na isale wakaomba msamaha."

Mpelelezi akauliza isale ni nini. Akaambiwa ni jani la kuomba msamaha. Na kwake yeye, mtu anaomba msamaha kwa alichokifanya.

Alikuja kwetu ana furaha ya kazi yake. Alikaa barazani, akakataa kiti kizuri akachukua kigoda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ulikwenda kuomba msamaha kwa wafiwa?"

"Nilikwenda."

"Kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya nyumba hii."

"Na huyu kijana wako ni wa nyumba hii?"

"Ni wa nyumba hii, sasa awe wa wapi?"

"Aliuawa hapa, mkaenda na mbuzi."

"Ndiyo. Mbuzi mzuri."

Babu alijibu kila swali kwa ukweli na kwa fahari. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona kabisa kinachofanyika, kama unavyoona sufuria inaelekea kumwagika na mikono yako imejaa. Nikasema, "Babu, usimjibu." Babu akanigeukia kwa hasira. "Mtoto wa kike unaniziba mdomo mbele ya mgeni?" Akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya mpelelezi.

Kwa hiyo kesi ilikuwa na panga lenye damu ya mtu, maana ilipelekwa maabara ya serikali Dar es Salaam na jibu likarudi hivyo. Ilikuwa na shati. Ilikuwa na jeraha la kukatwa kwenye mkono wa marehemu. Na ilikuwa na babu yetu mwenyewe, aliyekwenda kukiri kwa mbuzi. Fimbo na mawe havikupelekwa popote. Viligeuka kuni na mafiga.

*

Kesi ya mauaji haisikilizwi mahakama ya wilaya. Inatajwa tu. Kaka alipelekwa mahabusu gerezani, na kila baada ya majuma mawili analetwa na gari, anasimama, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anataja tarehe nyingine, basi. Mama alikuwa anashuka mlima alfajiri na chakula kwa kitu kinachokwisha kabla hujakaa vizuri kwenye benchi. Siku za likizo nilikwenda naye.

Gerezani tuliongea naye kupitia wavu, watu wengi mnapiga kelele pamoja. Mwanzoni alikuwa na utani. "Nileteeni kiburu," alisema, yaani ndizi zilizopondwa na maharage. "Maharage ya humu yana wadudu wakubwa, wana vyeo." Alituambia wanalala kwa ubavu, wamebanana kama ndizi kwenye kichane, na usiku, yule mkubwa wa chumba akisema "Geuka!" wote wanageuka mara moja. Asiyegeuka anapigwa. Aligoma mara ya kwanza, akapigwa kwa kopo la kujisaidia lililojaa. Hilo alilisema anacheka, halafu akaacha kucheka katikati.

Mwaka ule ulipita, na wa pili ukaanza. Utani ukapungua. Alikuwa na upele mikononi, anajikuna mpaka damu. Akaanza kukohoa. Alisema kila mtu anakohoa, kwamba kule ndani usiku ni kama vyura, mmoja akianza wote wanaitikia. Kuna mzee mmoja aliyelala mgongo kwa mgongo na kaka, alikohoa kwa miezi, asubuhi moja chumba kiligeuka na yeye hakugeuka. Kaka alidhani ni ubishi, akampiga kiwiko. Akampiga tena. "Nilimpiga maiti," akatuambia. "Mama, nilimpiga mtu aliyekufa, na nilikuwa na hasira naye kweli."

Mama alitoka pale akakaa kwenye nyasi nje ya ukuta. Akasema, "Hawatamnyonga. Watamtoa na machela kabla ya hapo."

Kuanzia siku hiyo sisi hatukuogopa tena kamba ya kunyongea. Tulikuwa tunashindana na kifua chake.

Mama akaniambia, "Wewe umesoma. Twende hospitali tukamwone daktari aliyempasua yule mtoto." Nilimwambia siwezi kuongea na daktari. Akasema, "Utaweza, kwa sababu mimi Kiingereza sijui na kulia nimeshamaliza."

Daktari alikuwa kijana, miwani imefungwa kwa plasta. Alikuwa anafanya kazi sehemu mbili, chumba cha maiti na wodi ya kifua. Mama alimsalimia kwa heshima nyingi mno, kisha akanisukuma mbele. Nikaanza kueleza. Akainamisha sikio.

"Sema kwa sauti, binti. Nimezoea wasiosema kabisa, lakini hao angalau nawafungua mwenyewe."

Ulikuwa mzaha mbaya, na ndio ulionifanya niongee. Nilimwambia juu ya kamba. Akaniuliza kamba gani, maana maelezo ya polisi hayakuwa na kamba. Nikamwambia ilichomwa kwenye moto wangu. Akatoa bandeji kwenye droo, akainuka, akanigeuzia mgongo na kuweka mikono nyuma.

"Nifunge kama alivyofungwa."

Nilimtazama mama. Mama akasema, "Mfunge."

Sikuwahi kumgusa mwanamume asiye ndugu yangu. Nilimzungushia bandeji mikono miwili, nikapitisha katikati, nikavuta. Akasema kaza zaidi. Nikakaza. Akaniambia nichukue kalamu mezani, nimchore pale panga la kaka lilipopita. Nilipiga goti nyuma yake, kama kaka, na nikachora mstari mfupi upande wa ndani wa kifundo, chini ya kidole gumba. Nikamfungua. Akaleta mkono kwenye mwanga wa dirisha akautazama muda mrefu.

"Niliandika michubuko ya kuzunguka vifundo vyote viwili," akasema. "Sikuulizwa ni ya nini. Na mkato ulikuwa hapa, katikati ya michubuko, mfupi, haukufika kwenye mshipa." Akainua mikono mbele ya uso kama mtu anayejikinga. "Mtu akishambuliwa kwa panga anakatwa huku nje, anakatwa viganja, vidole vinaanguka. Nimewaona wengi. Huyu hakuwa na mkato mwingine mwili mzima. Alikufa kwa kichwa na kwa mbavu. Alipondwa."

Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hakuua?"

"Mimi najua tu panga halikuua, mama. Nani alishika jiwe, mwili hauniambii."

Kisha akauliza kaka yuko gereza gani, na kama anakohoa. Nikamwambia. Akauliza amepungua? Anatoka jasho usiku? Makohozi yana damu? Nilijibu ndiyo, ndiyo, sijui. Alisema wamekuwa wakiomba kuwapima mahabusu wote wa kile chumba, kwa sababu wanaotoka wanakuja wodini kwake, halafu wanakuja wake zao, halafu watoto. "Mnaleta chakula mnarudi nacho kikohozi," akasema. "Nitajaribu kuingia tena."

Aliingia. Sijui alimwomba nani. Waliwatemesha mahabusu makohozi kwenye vikopo, na ya kaka yalikutwa na kifua kikuu. Wakamtenga, yeye na wagonjwa wengine, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe.

Daktari alitutuma pia kwa wakili wa serikali. Mama alisema hatuendi peke yetu. Akavuka mto mwenyewe, akaenda kwa baba wa marehemu, bila isale, bila kitu mkononi. Mimi nilibaki nje ya uzio wao. Nilimsikia anasema, "Mimi sijaja kuomba msamaha. Nimekuja kukuomba useme kwamba msamaha ule haukuwa wa kosa la mwanangu."

Yule mzee akasema, "Nilikuwa nawasifu, mama. Mungu anajua nilikuwa nawasifu."

"Najua. Sifa yako inamwua mwanangu."

Alikuja. Tulikaa watatu mbele ya meza ya wakili. Nilisimulia yote, mpaka sabuni niliyompa yule mzee. Wakili akauliza majina ya waliopiga. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikayataja, la mwalimu wa kwaya likiwa la kwanza. Baba wa marehemu alikuwa anatazama mikono yake wakati naorodhesha, kwa sababu wengine walikuwa wameshika jembe kwenye kaburi la mwanawe. Halafu akaeleza isale. Wakili alikuwa mtu wa mlimani, wa upande wa mashariki, akafunga jalada akasema, "Mzee, isale naijua. Mpelelezi ndiye asiyeijua, na ndiye aliyeandika."

Hakutuahidi kitu. Na jioni ile tulipofika nyumbani tulikuta ng'ombe wetu mmoja amekatwa mshipa wa mguu wa nyuma, anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu. Sikuambiwa ni nani. Babu alimchinja mwenyewe kabla giza halijaingia.

*

Kaka aliachiwa nikiwa kidato cha nne, kipindi cha kuvuna. Mwendesha mashtaka alisimama akasema upande wake hauna nia ya kuendelea na shauri. Hakimu akaandika. Alikuwa amefunika pua na mdomo kwa faili, kwa sababu kaka alikuwa anakohoa. Hakuna aliyesema kwa nini shauri limefutwa. Hakuna aliyetaja kamba. Mwalimu wa kwaya na wenzake waliitwa kituoni mara moja, wakarudi jioni, yakaisha.

Nilimwona kaka akitoka mlangoni nikadhani ni mtu mwingine aliyeachiwa naye. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kipande cha nguo. Mama alimkumbatia, akamgeuzia uso pembeni. "Usinipumulie, mama." Walishamfundisha.

Alitakiwa kwenda zahanati kila siku, sindano na vidonge, ameze mbele ya nesi. Alale peke yake, dirisha wazi, vyombo vyake mbali. Siku za kwanza hakutaka. Alitupa bakuli la uji ukutani. Alimpiga teke mbwa mpaka mbwa akaenda kuishi kwa jirani. Nilipomwamsha twende sindano alinishika koo, macho yake wazi kabisa, na akasema, "Geuka." Sidhani alijua ni mimi. Nilisema kwa ile sauti yangu ya mbu, "Ni mimi, ni asubuhi." Akaniachia. Tulitembea mpaka zahanati. Alimeza vidonge, akavitapika nje kwenye maua, nesi akampa vingine.

"Nikifa itakuwa imeisha tu," aliniambia tunarudi.

Nikamwambia, "Basi uache kutusumbua, ufe." Nilikuwa na alama za vidole vyake shingoni. Alinitazama, akashangaa, nadhani hata akataka kucheka.

Jumapili babu aliwaita watu waje kumpokea. Ni desturi pia, na babu na desturi ni kitu kimoja. Walikuja na mbege. Walikuja wengi. Mwalimu wa kwaya alikuja, na yule mama wa viatu pia. Walikaa uani pale pale, wakamwambia kaka pole, wakamwambia Mungu mkubwa. Kaka alikuwa amekaa mbali kidogo kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mwalimu wa kwaya akamletea mbege kwenye kibuyu, akamwita kwa cheo cha heshima.

"Kunywa, mangi. Umerudi kwa wako."

Kaka hakukipokea. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe siku ile ulishika nini? Fimbo au jiwe?"

"Mambo ya zamani hayo, ndugu yangu."

"Nakuuliza tu. Mimi nilishika panga, nimesemwa mahakamani. Wewe?"

Mtu mmoja akacheka kwa kujikohoza. Kaka akamgeukia. "Wewe najua. Fimbo. Na wewe mama, jiwe. Wewe ulivunja vidole vyake." Akaendelea, mmoja baada ya mwingine, hapandishi sauti. Babu alisema, "Mjukuu wangu, hawa ni wageni." Kaka akasema, "Siyo wageni, babu. Wanapajua hapa."

Mwalimu wa kwaya akasema, "Huyu jela imemharibu kichwa," na kaka akainuka. Sijui alipata wapi nguvu. Alimpiga kichwa cha uso, nikasikia pua ikivunjika, kibuyu kikapasuka, wakaanguka wote wawili kwenye mbege. Mikono ya kaka ilikuwa shingoni mwake. Watu walijazana kuwatenganisha, na hapo nikaona mtu tayari ameshika fimbo. Tayari. Nilijitupa juu ya mgongo wa kaka, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwa nayo, kwamba atakayempiga anipige mimi, na kwamba majina yao nayajua na nitayataja tena. Fimbo ikashuka chini. Kaka akamwachia kwa sababu kikohozi kilimshika, akabaki kwa magoti anatema.

Wakaondoka. Safari hii hakuna aliyenawa kwetu.

Aliyebaki ni baba wa marehemu, ambaye alikuwa amekaa kwenye ukuta wa bomba muda wote. Kaka alipopata pumzi alimtazama.

"Na wewe, mzee? Ungeshika nini?"

Mama akasema, "Mwanangu, huyo ni mfiwa."

Yule mzee akasema, "Mwache, ameuliza vizuri." Akafikiri. "Angekuwa mtoto wa mwingine, na kahawa ni yangu, ningeokota jiwe. Nilishawahi kuokota, kwa mwingine. Hata sikuuliza alikuwa mtoto wa nani."

Nilitazamia kaka ainuke tena. Hakuinuka. Alijifuta mdomo kwa blanketi, akajisogeza mpaka kwenye kiti chake, akakaa, akageuza uso upepo usimpelekee mzee pumzi yake.

"Basi wewe kaa," akasema. "Mama, tupe chakula."

Mama alileta ndizi na nyama, sahani mbili, moja ile ya kaka iliyotiwa alama. Nilikaa karibu nikamtazama anavyokula. Alikula polepole, anapumzika, anakohoa pembeni, anarudi. Mzee alimsubiri, hakumaliza kabla yake. Kaka alipofuta sahani kwa kidole, akaniuliza vile vidonge vya jioni viko wapi.

Nikaenda kumletea.